Je, Wajua? Hesabu ya Majirani Tusiowaona

Je, wajua kwamba Mwezi uliwahi kupangiwa wakazi bilioni 4.2?

Aliyewapanga ni Thomas Dick, mwalimu na mhubiri wa Uskochi, katika miaka ya 1830. Alichukua idadi ya watu wa Uingereza katika kila maili moja ya mraba, 280 kwa hesabu yake, akaizidisha kwa eneo la uso wa kila sayari na kila mwezi uliojulikana siku zile. Hakubakisha kitu. Pete za Zohali, ambazo leo tunajua ni vipande vya barafu vinavyoelea, alizipa wakazi zaidi ya trilioni 8. Alipojumlisha sayari zote zinazolizunguka Jua pamoja na miezi yake, akapata watu 21,891,974,404,480. Dunia yetu wakati huo ilikuwa na watu wapatao bilioni moja.

Kuzidisha kwake kulikuwa kwa uangalifu mpaka tarakimu ya mwisho. Kosa lilitangulia kalamu. Dick aliamini kwamba Mungu hajengi nyumba kubwa namna ile akaiacha bila mpangaji, kisha akaichukua nyumba moja aliyoijua, Uingereza, akaifanya kipimo cha nyumba zote. Namweka mbele kwa sababu wote waliomfuata, hata wenye darubini za mabilioni ya dola, wamekutana na kikwazo kile kile: tunajua mahali pamoja tu penye uhai, na kutoka hapo tunataka kukisia pengine pote.

Karne sita na zaidi kabla yake, mwanachuoni na mfasiri wa Qurani Fakhr al-Din al-Razi alikuwa amekwisha kupinga fundisho la Aristotle kwamba ulimwengu ni huu mmoja tu. Al-Razi alishikilia kwamba Mungu ana uwezo wa kuumba maelfu kwa maelfu ya dunia nyingine. Akaishia kwenye uwezo, wala hakutaja idadi. Naona alikuwa mwangalifu kuliko Dick.

Je, wajua kwamba mlinganyo maarufu wa viumbe wa mbali ulianza kama ajenda ya kikao?

Novemba 1961, watu wasiozidi dazeni moja walikutana Green Bank, katika jimbo la West Virginia nchini Marekani, penye darubini kubwa za redio. Mwenyeji wao, Frank Drake, alikuwa na miaka 31. Kikao kilikuwa na swali moja: je, kuna faida kutega sikio angani tukitafuta redio za viumbe wengine? Drake aliorodhesha mambo yanayopaswa kujadiliwa, akaona kwamba yakizidishwa yanatoa idadi. Ajenda ikageuka mlinganyo.

Waliohudhuria walikuwa wa aina aina. Alikuwapo Carl Sagan, kijana bado. Alikuwapo Su-Shu Huang, mwanafalaki mzaliwa wa China aliyekuwa akipima umbali ambao nyota huweza kupasha sayari joto la kutosha. Alikuwapo Melvin Calvin, mkemia, ambaye habari za kushinda Tuzo ya Nobel zilimfikia pale pale kikaoni, wakafungua shampeni. Na alikuwapo John Lilly, mtafiti wa pomboo, aliyewavutia wenzake kwa maelezo ya akili ya wanyama hao hata wakajiita Shirika la Pomboo. Aliyewahi kwenda Kizimkazi alfajiri akawaona pomboo wakiizunguka mashua ataelewa kwa nini. Pomboo ana ubongo mkubwa, huwasiliana kwa miluzi, na hatajenga redio kamwe. Akili na redio ni vitu viwili, na mlinganyo wa Drake unavitenga.

Mkulima wa mahindi anaujua mlinganyo huo bila kuandikiwa herufi. Umepanda mbegu ngapi? Katika hizo, ngapi zimeota? Katika zilizoota, ngapi zimesalimika na viwavijeshi? Katika zilizosalimika, ngapi zimebeba gunzi? Na katika magunzi, mangapi yamefika ghalani kabla ngedere hawajapita? Kila swali linapunguza jibu la swali lililotangulia. Drake aliuliza: katika galaksi yetu nyota ngapi huzaliwa kila mwaka? Sehemu gani ya nyota hizo zina sayari? Kila nyota yenye sayari ina ngapi zinazofaa kwa uhai? Katika zinazofaa, ngapi huota uhai kweli? Katika zenye uhai, ngapi hufikia akili? Katika zenye akili, ngapi hutoa ishara zinazoweza kusikika kutoka mbali? Swali la mwisho, ambalo Drake aliliandika kwa herufi L, ni la muda: wanaotoa ishara hizo hudumu miaka mingapi kabla ya kunyamaza?

Wale wa Green Bank waliweka nyota moja kwa mwaka. Wakakisia kwamba kati ya moja ya tano na nusu ya nyota zina sayari, na kila nyota ya namna hiyo ina sayari moja hadi tano zinazofaa. Kuhusu uhai na akili walijiamini mno: wakasema kila sayari inayofaa hatimaye huvipata vyote viwili. Baada ya kuzidisha, namba nyingi zilielekea kukatana, wakabaki na kauli fupi kwamba idadi ya majirani wenye redio inakaribia kuwa sawa na L yenyewe, mahali fulani kati ya 1,000 na milioni 100. Drake aliipenda kauli hiyo kiasi cha kuiandika kwenye kibao cha gari lake: NEQLSL, yaani N ni sawa na L.

Je, wajua kwamba jaribio la kwanza la kusikiliza lilipata ishara karibu mara moja?

Lilikuwa jaribio la Drake mwenyewe, Aprili 1960, mwaka mmoja na nusu kabla ya kikao. Alielekeza sahani ya redio yenye upana wa mita 26 kwenye nyota mbili za jirani, Tau Ceti na Epsilon Eridani, zilizo umbali wa miaka 10 hadi 12 kwa mwendo wa mwanga. Alipogeukia Epsilon Eridani, kalamu ya chombo ikaanza kurukaruka kwa mapigo makali yaliyopangika. Ishara ilipotea, na iliporudi siku nyingine ilionekana kuwa imetoka hapa hapa duniani, kwenye ndege iliyokuwa juu sana. Jaribio lenyewe aliliita Ozma, jina la binti mfalme wa hadithi za watoto.

Je, wajua kwamba Kilimia ni kichanga kuliko dinosaria wa Lindi?

Wakulima wa pwani walikitazama Kilimia kujua msimu, na wahenga wakasema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Jina lenyewe limetoka katika kulima. Lile ni kundi la nyota zilizozaliwa pamoja, na umri wake ni kama miaka milioni 100 na ushei. Sasa linganisha na Tendaguru, mkoani Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa mikubwa kati ya mwaka 1909 na 1913 na kuipeleka Berlin inakosimama mpaka leo. Wanyama hao walitembea Lindi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Walipoinua zile shingo zao ndefu usiku, Kilimia hakikuwapo mbinguni. Kilikuwa bado ni gesi na vumbi.

Kwa anayehesabu sayari zenye viumbe wenye akili, nyota changa namna hiyo haina maana hata ikizungukwa na sayari nzuri. Dunia ilipokuwa na umri wa Kilimia, ilikuwa bado inapigwa na mawe ya angani. Muda ni sharti, kama maji.

Je, wajua jinsi sayari zisizoonekana zinavyohesabiwa?

Hapa ndipo maisha ya mtu mmoja yameshuhudia kubahatisha kukigeuka kuwa kupima. Mwaka 1961 hakuna aliyejua kama kuna sayari hata moja nje ya mfumo wetu wa Jua. Za kwanza kuthibitishwa, mwaka 1992, zilikutwa mahali pa ajabu, zikizunguka mzoga wa nyota iliyokwisha kulipuka. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz wa Uswisi wakatangaza sayari inayozunguka nyota hai inayofanana na Jua, 51 Pegasi, na mwaka wake ni siku nne tu. Walipewa Nobel mwaka 2019. Septemba 2025 orodha ya sayari za nje zilizothibitishwa ilivuka 6,000. Drake, aliyefariki mwaka 2022 akiwa na miaka 92, aliuona uwanja ukijaa.

Kazi kubwa ilifanywa na darubini ya Kepler, iliyorushwa angani Machi 2009. Ilikodolea macho nyota zaidi ya 150,000 katika kipande kimoja cha anga, ikisubiri mwanga wa yoyote ufifie kidogo, kama taa ya barazani inavyofifia mdudu akipita mbele yake. Kufifia huko ni kudogo mno. Sayari ya ukubwa wa Dunia ikipita mbele ya nyota kama Jua, inaziba sehemu 84 tu za mwanga katika kila sehemu milioni, kwa saa kama 13, kisha inapotea mwaka mzima. Ili uamini kwamba si kelele ya chombo, unahitaji kuiona ikipita walau mara tatu.

Halafu kuna jambo la pembe. Sayari nyingi hazipiti katikati yetu na nyota yake kabisa. Zinapita juu au chini ya mstari wa macho yetu. Kwa sayari iliyo mbali na nyota yake kama Dunia ilivyo mbali na Jua, nafasi ya kupangika sawasawa ni moja kati ya 215 hivi. Kwa hiyo kila moja inayoonekana inasimama badala ya mia mbili na zaidi zisizoonekana.

Na zile zinazopita sawasawa zikakosekana? Mvuvi akitaka kujua samaki wangapi wadogo wanaponyoka kwenye macho ya wavu, hana haja ya kukisia: atie samaki anaowajua idadi, avute wavu, ahesabu waliobaki. Watafiti wa Kepler walifanya hivyo hivyo. Walipachika sayari za uongo ndani ya takwimu zao wenyewe, maelfu kwa maelfu, wakaiacha programu izisake bila kuambiwa zipo. Asilimia ya zilizonaswa ikawaonyesha wavu wao una matundu ya kiasi gani. Katika sayansi yote ya anga hili ni kati ya mambo yanayonigusa zaidi, mtu kujiwekea mtego mwenyewe ili ajue anakosea kwa kiasi gani.

Bahati haikukamilika. Mwaka 2013 gurudumu la pili la kuiweka darubini imara liliharibika, ukatazamaji wa kipande kile ukakoma baada ya miaka minne. Zaidi ya hayo, nyota nyingi ziligundulika kuwa na misukosuko kuliko Jua. Sayari zenye ukubwa wa Dunia na mwaka wa urefu wa wetu zilibaki ukingoni kabisa mwa wavu. Hata hivyo, uchambuzi uliotolewa mwaka 2020 ukiongozwa na Steve Bryson ulikadiria kwamba kila nyota inayofanana na Jua ina, kwa wastani, kati ya sayari 0.37 na 0.60 zenye mwamba, zilizo katika ukanda wa kukalika, yaani umbali unaoruhusu maji kubaki maji usoni mwake. Kwa galaksi yetu hiyo ni walau sayari milioni 300, hata kwa makisio ya tahadhari kabisa. Mipaka ya makosa ni mipana. Namba halisi inaweza kupita hapo kwa mbali. Lakini imetoka kwenye vipimo, si kwenye maoni ya watu wachache mezani.

Angalia neno lililotumika, ambalo magazeti hulipitia haraka. Ukanda wa kukalika maana yake ni umbali kutoka kwenye nyota, basi. Mirihi imo ndani ya ukanda wa Jua, na upana wake, zaidi kidogo ya nusu ya Dunia, unatosha kuingia kwenye hesabu ya Bryson. Mwanafalaki wa mbali mwenye chombo kama Kepler angeiweka Mirihi kwenye orodha yake ya sayari zinazofaa. Sisi tulioifikia kwa vyombo tumekuta jangwa baridi lenye hewa nyembamba. Zuhura nayo, jirani yetu wa upande wa pili, inakaribia Dunia kwa ukubwa, na joto la ardhi yake linayeyusha risasi.

Je, wajua kwamba kuna sayari inayoitwa Tanzanite, na nyota yake inaitwa Mpingo?

Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki ulizipa nchi mbalimbali nafasi ya kutoa majina, na Tanzania ikapata nyota WASP-71. Sayari yake, kubwa mno na yenye joto kali, hulizunguka jua lake kwa siku tatu pungufu kidogo. Mwaka 2023 likakubaliwa pendekezo la Wakenya kwa nyota GJ 1214: nyota ikawa Orkaria, neno la Kimaasai la udongo mwekundu, na sayari ikawa Enaiposha, maji mengi kama ya ziwa, neno lile lile lililotupa jina Naivasha. Enaiposha iko umbali wa miaka 48 kwa mwendo wa mwanga. Darubini ya James Webb imepima joto lake: nyuzi 279 za Selsiasi mchana na 165 usiku, chini ya utando mzito wa ukungu. Si pa kuishi. Hata hivyo napenda kwamba mtoto wa Naivasha anaweza kuelekeza kidole juu na kutaja jina la kwao.

Orkaria ni nyota ndogo nyekundu, na nyota za aina hiyo ni kama robo tatu ya nyota zote. Ukizihesabu pamoja na zile zinazofanana na Jua, milioni 300 inakuwa mabilioni. Tatizo ni tabia yake: nyota hizi hulipuka milipuko mikali, na sayari inayotaka joto lazima ijisogeze karibu mno. TRAPPIST-1, yenye sayari saba za mwamba umbali wa miaka 40 kwa mwendo wa mwanga, inachunguzwa sasa. Ile ya karibu kabisa na nyota hiyo inaelekea haina hewa hata kidogo.

Je, wajua kwamba ushahidi wa swali la akili uko Afrika Mashariki?

Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona mfupa ukichungulia kwenye mteremko wa Oldupai. Lilikuwa fuvu la zamadamu aliyeitwa Zinjanthropus. Miezi miwili baadaye, Septemba 1959, Giuseppe Cocconi na Philip Morrison wakachapisha katika jarida la Nature hoja kwamba redio inaweza kuvuka kati ya nyota. Mwaka 1961 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha California wakatumia kemia ya miamba ya volkano kuonyesha kwamba tabaka la fuvu lile lina miaka milioni 1.75, mbali kuliko wengi walivyotarajia. Mwaka huo huo, Novemba, kikao cha Green Bank. Desemba, uhuru wa Tanganyika. Sijui mkutano uliopatwa na ushahidi wake kwa ukaribu wa tarehe kiasi hicho, ingawa mmoja ulikuwa Marekani na mwingine chini ya jua la Ngorongoro.

Ili kuona ushahidi huo unasema nini, chukua barabara ya Dar es Salaam hadi Dodoma, kilomita 450 hivi. Ifanye kuwa umri wa Dunia, miaka bilioni 4.5: kila kilomita moja ni miaka milioni 10. Unaondoka Dar na sayari ya mawe yanayoyeyuka. Ukifika Chalinze, uhai upo tayari; athari zake zenye miaka bilioni 3.5 zimehifadhiwa kwenye miamba ya Australia Magharibi. Kisha unasafiri. Unapita Morogoro, unapita Gairo, na dirishani hakuna kitu ila vijidudu vya seli moja. Wanyama wanatokea kilomita 60 tu kabla ya Dodoma. Nyayo za Laetoli ziko mita 366 kutoka mwisho wa safari. Zinjanthropus yuko mita 175. Redio, yenye miaka 130 hivi, ni sentimita moja na kidogo.

Wengi husoma safari hii hivi: uhai ulikuja mapema, basi uhai ni rahisi, akili ilikuja mwishoni, basi akili ni ngumu. Nusu ya kwanza ina mtego. Kama safari ya kufika kwenye akili inahitaji muda mrefu hivyo, basi anayeuliza swali hili lazima awe ametoka mahali ambapo uhai ulianza mapema. Walioanza kwa kuchelewa hawapo kuuliza. Nusu ya pili ina nguvu zaidi, na Brandon Carter aliiandika mwaka 1983. Jua linazidi kuwaka. Baada ya miaka kama bilioni moja Dunia itakuwa ya moto kupita kiasi, yaani barabara inakatika mbele ya Dodoma, kabla hujafika Manyoni. Akili ilikuja jioni ya siku. Carter alihitimisha kwamba kwingi, pengine karibu kote, giza huingia kabla msafiri hajafika.

Ongeza hili la Zinjanthropus mwenyewe, ambaye fuvu lake liko Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam. Hakuwa babu yetu. Alikuwa wa tawi jingine, mwenye taya kubwa, aliyeishi hapa hapa pamoja na wahenga wetu akatoweka. Hata mahali pekee tunapojua mbegu hii ilifika ghalani, matawi mengi yalinyauka njiani.

Mwaka 2024 Robert Stern na Taras Gerya waliongeza sharti lingine, ambalo mtu wa Bonde la Ufa analiona kwa macho: mabamba ya ardhi yanayosogea. Wanasema viumbe wenye teknolojia wanahitaji bahari na mabara kwa pamoja, pamoja na ardhi inayojongea kwa zaidi ya miaka milioni 500 ili kuchanganya madini na kubadili mazingira. Sayari zenye vyote hivyo, kwa makisio yao, hazifiki mbili katika kila elfu, na huenda ni tatu tu katika kila laki. Weka kando uhakika wa Green Bank kwamba akili huja tu yenyewe.

Je, wajua kwamba majibu ya hesabu hii yanaanzia "wengi" hadi "hakuna hata mmoja"?

Mwaka 1950, mezani wakati wa chakula cha mchana huko Los Alamos, Enrico Fermi aliwauliza wenzake: wako wapi? Galaksi ni ya kale, umbali unavukika kwa muda wa kutosha, na hakuna aliyebisha hodi. Mwaka 2020 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Nottingham, wakidhani kwamba uhai wenye akili huchukua miaka bilioni tano kila mahali kama hapa na kwamba redio hudumu miaka 100, walipata ustaarabu 36 katika galaksi nzima. Gazeti baada ya gazeti likaandika 36. Makisio ya chini yao yalikuwa 4, ya juu 211.

Napendelea kazi ya watatu wa Oxford, Anders Sandberg, Eric Drexler na Toby Ord, ya mwaka 2018. Walikataa kuweka namba moja moja. Kwa kila swali waliweka upana wote wa kutojua kwetu. Kuhusu uhai kuanza wenyewe, upana huo ni mkubwa ajabu: huenda hutokea kila mahali, huenda hutokea mara moja katika mabilioni ya galaksi. Ukichukua wastani wa upana kama huo unapata namba nene inayokuahidi majirani, kama vile wastani wa mapato ya kijiji unavyopanda tajiri mmoja akihamia. Ukichukua upana wenyewe, unaona nafasi kubwa kwamba kijiji ni kitupu. Walipata uwezekano wa asilimia 53 hadi 99.6 kwamba tuko peke yetu katika galaksi hii. Ukimya ambao Fermi aliuona kuwa kitendawili hauhitaji, basi, kuteguliwa.

Je, wajua kwamba salamu zilizopelekwa angani zina Kiganda lakini hazina Kiswahili?

Vyombo viwili vya Voyager, vilivyorushwa mwaka 1977, vimebeba sahani za santuri zenye salamu katika lugha 55. Zimo Kiganda, Kinyanja na Kisotho, na hata Kisumeri ambacho hakina msemaji hai. Kiswahili hakimo. Ujumbe mwingine ulitumwa kwa redio kutoka Arecibo, Puerto Rico, tarehe 16 Novemba 1974, kuelekea kundi la nyota lililo umbali wa miaka 25,000 kwa mwendo wa mwanga. Darubini iliyoutuma iliporomoka Desemba 2020. Ilidumu chini ya miaka 60. Ujumbe wake ulikuwa umesafiri miaka 46 tu. Hiyo ndiyo L, herufi ya mwisho ya Drake, kwa vitendo.

Usikilizaji wenyewe haujaenda mbali. Jill Tarter, aliyeitumikia kazi hii maisha yake, amelinganisha anga lililokwisha kusakwa na bilauri moja ya maji iliyochotwa kutoka bahari zote. Chota bilauri pale Forodhani: hukuti samaki, na hilo halikuambii lolote juu ya bahari. Sahani 64 za MeerKAT, katika jangwa la Karoo huko Afrika Kusini, zinatumika sasa kuchota bilauri nyingine.

Kuna chombo kingine kinachopangwa Marekani, darubini ya kuruka miaka ya 2040, itakayoziba mwanga wa nyota ili kuona sayari yenyewe na kupima hewa yake. Lengo ni kuchunguza walau sayari 25 za ukanda wa kukalika. Idadi hiyo inatokana na hesabu. Kama uhai ungekuwa kwenye asilimia 12 ya sayari kama hizo, nafasi ya kuchunguza 25 na kukosa zote ni kama nne katika mia. Kwa hiyo hata zikiwa tupu zote, tutakuwa na haki ya kuandika mahali ambapo Green Bank waliandika moja kamili: pengine chini ya 0.12. Itakuwa mara ya kwanza kwa namba hiyo ya uhai kutoka angani badala ya kutoka vichwani mwetu.